Nyuzi nne zinazovutika: ipi uifunge kwenye ndoana yako?

Ukimwambia mtu wa Majengo kwamba jioni utakuwa nyumbani unafunga nzi, atakuuliza wamefanya kosa gani. Nimezoea. Nzi ninaowasema ni chambo bandia: ndoana ndogo iliyovishwa uzi, manyoya na vipande vya mpira hadi ikafanana na funza, panzi au mtoto wa kereng'ende, kisha ikatupwa majini bila mnyoo wala donge la ugali. Dodoma hatuko wengi katika mchezo huu, lakini tuliopo tukikutana kwenye bwawa la Hombolo swali ni lilelile: miguu na miili ya nzi hawa tuifunge kwa mpira gani?

Mimi ni fundi cherehani, na lastiki niliishika miaka mingi kabla ya kushika ufito wa kuvulia. Aliyeniingiza ni mpwa wangu. Alifanya kazi msimu mmoja kwenye kambi ya watalii huko kusini, akarudi na kiboksi cha nzi wenye miguu inayotetemeka hata ukiipulizia tu. Akanisogezea mmoja. "Mjomba, hii si lastiki ya kaptula?" Nikaivuta, nikaiachia. Haikuwa mbali nayo.

Tangu siku hiyo nimejaribu karibu kila kinachovutika katika mji huu, na mke wangu ananiuliza kwa nini mikanda ya bukta inapungua. Hapa nalinganisha vinne vilivyobaki mezani: nyuzi za spandeksi, kamba ya mpira ya kutungia shanga, uzi wa lastiki wa cherehani, na vipande vya glavu za naitrili. Tubu ya baiskeli na puto nimeviacha. Cha kwanza ni kinene mno kwa ndoana ndogo, cha pili kinaoza kabla hujakizoea.

Tunapima nini

Kuvutika peke yake si sifa. Hata bigijii inavutika. Tunachotafuta ni kurudi. Kata kipande cha sentimita 10, kivute hadi 30, kishikilie huku unahesabu hadi mia, kiachie, kisha kipime kwa futi ya kushonea. Kikirudi 10 au karibu yake, kitacheza majini. Kikibaki 12, kimeshalegea, na mguu wake utaning'inia kama kamba ya kiatu.

Pili, kinavyokaa chini ya uzi. Kuna mpira unaoshikwa ukashikika, na kuna unaoteleza kama kambale mikononi.

Tatu, majini: kinazama au kinaelea, na kinachezaje? Mpira wa asili ni mwepesi kuliko maji. Spandeksi na mipira mingi ya plastiki ni mizito kidogo kuliko maji, kwa hiyo inazama taratibu. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwenye ndoana namba 12 (namba ikipanda, ndoana inapungua) ndiyo inayoamua kama panzi wako atabaki juu ama atageuka funza bila wewe kutaka.

Nne, jua, mafuta na dawa ya mbu. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki jua halina mpinzani. Kitu kinachodumu miaka mitano kwenye nchi ya mawingu hapa kinaweza kukupa mwaka mmoja.

La mwisho ni kupatikana. Sitakushauri uzi unaosubiriwa mwezi mzima kama uko uliouzidi kwa bei ya soda.

Nyuzi za spandeksi

Spandeksi ndiyo ile inayofanya taiti ikukamate. Ni aina ya poliurethani, yaani plastiki inayovutika, iliyobuniwa Marekani mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, ambayo ikaiuza kwa jina la Lycra. Wafungaji wa nzi wa Ulaya na Marekani huinunua ikiwa nyuzi nene kidogo, zilizokatwa na kupakwa rangi tayari, kwa majina kama Flexi Floss na Spanflex. Ukiagiza utaipata, kwa gharama na subira.

Njia ya pili ni kufumua. Nenda mtumba Sabasaba, tafuta bukta ya mazoezi au nguo ya kuogelea ambayo kitambaa chake kimekufa lakini mkanda bado mzima, uukate, uufumue taratibu kwa sindano. Ndani utakuta nyuzi za aina mbili. Zenye kona nne, zilizopauka, ukiziunguza zikatoa moshi mweusi wenye harufu ya tairi, hizo ni mpira wa asili, ziweke pembeni. Zinazong'aa kidogo, bapa, na ukizitazama karibu unaona vinyweleo vingi vilivyogandana, hizo ndizo. Nepi za kutupa pia zinazo, kwenye ukingo wa mapajani. Nazungumzia nepi mpya, tafadhali.

Kwa kurudi, spandeksi haina mwenzake kati ya hizi nne. Inavutika mara tano ya urefu wake na kurudi bila kinyongo. Majini haikauki ikawa ngumu wala hainywi maji; inatikisika kwa mkondo mdogo kabisa, hata ndoana ikiwa imetulia. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: perege wadogo wana tabia ya kudonoa miguu bila kumeza ndoana. Miguu ya manyoya wanainyonyoa. Ya spandeksi wanaivuta, inawaponyoka, wanarudi tena kwa hasira, na safari hiyo wanafungua mdomo vizuri.

Kazi yake inayonipendeza kuliko zote ni funza mwekundu. Chini ya matope ya mabwawa kuna viluwiluwi vya visubi wasiouma, vyekundu kwa sababu vina hemoglobini kama damu yetu, na hiyo huwawezesha kuishi palipo na hewa kidogo. Samaki wanavijua. Funga nyuzi nne au tano nyekundu za spandeksi katikati ya ndoana namba 10, nusu zielekee mbele na nusu nyuma, basi. Nzi huyo hana mwili, hana bawa, hana urembo. Nyuzi nyeupe za mtumba unaweza kuzipaka maka peni nyekundu isiyofutika na kuzianika kivulini. Rangi inapauka baada ya safari kadhaa, lakini kupaka tena ni dakika moja.

Udhaifu wake ni kemikali. Jua huifanya iwe ya njano polepole, klorini huiharibu, na dawa ya mbu yenye DEET huiyeyusha. Hili la mwisho nililijua bwawani Mtera. Jioni mbu walipoanza, nikajipaka dawa, nikabadilisha nzi kwa vidole hivyohivyo. Baada ya muda miguu ilikuwa imenatana kama imepitishwa kwenye ulimbo, na mshipi nao umeanza kukwaruza. Siku hizi dawa naipaka kwa mgongo wa mkono.

Inamfaa anayevua majini, chini ya uso wa maji, kwa nzi wa miguu mingi au funza. Na mwenye subira ya kufumua.

Kamba ya mpira ya shanga

Hii ni ile kamba angavu wanayotungia bangili, inayouzwa kwa rola ndogo pale wanapouza shanga. Ugogoni shanga hazijawahi kuwa jambo dogo, kwa hiyo haikosekani. Ipo ya milimita 0.5 hadi 1 na zaidi. Nyingi siku hizi ni poliurethani ya uzi mmoja mzima, tofauti na spandeksi ambayo ni vinyweleo vingi.

Kwa miguu sikushauri. Ni nzito, ina kumbukumbu ya rola, na mguu wake unajikunja kama mkia wa nguruwe. Kurudi inarudi vizuri, ila baada ya kuvutwa sana inachukua muda.

Kwa mwili, hata hivyo, ni mali. Zungushia shina la ndoana uzi mwekundu au wa kijani, kisha juu yake zungusha kamba hii bega kwa bega. Ule wangavu unaikuza rangi ya chini, na kila mzunguko unakuwa pingili. Ndoana inageuka funza mwenye mwili unaong'aa kama umetoka kuoga. Ujanja uko kwenye mkono: anza nyuma ukiwa umeivuta hadi imekuwa nyembamba, na kadiri unavyokwenda mbele legeza kidogo kidogo. Mwili unanenepa wenyewe kuelekea kichwani, bila kuongeza kitu. Nilipoona jambo hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Miaka yote nimekuwa nikinenepesha miili kwa kurundika uzi.

Tatizo lake ni utelezi. Fundo la kawaida linafunguka, na ncha ukiikata wima inachomoka chini ya uzi. Ikate mshazari, na mizunguko mitatu ya kwanza ya uzi iibane kwelikweli. Jua inalivumilia kiasi cha kutosha, maji ya tope hayaipi shida, inazama. Dawa ya mbu nisingeijaribu hata hapa, maana ni ukoo mmoja na spandeksi.

Inamfaa anayeanza, ajabu kidogo: kosa linaonekana wazi kwenye pingili, unafumua na kurudia, na kamba haijaharibika.

Uzi wa lastiki wa cherehani

Hapa niko nyumbani. Ni uzi tunaouweka kwenye bobini kushona marinda ya kujikusanya kwenye magauni ya watoto. Ndani kuna kiini cha mpira, mara nyingi wa asili, nje umevikwa nyuzi za poliesta au pamba. Kila duka la vifaa vya kushonea linao, mweusi na mweupe hakika, rangi nyingine kwa bahati.

Kushikika ndiko kunakouheshimisha. Ule mviko una ukakasi, na uzi wa kufungia haupotezi njia juu yake. Hauhitaji gundi, hauhitaji ujanja. Kwa kutengeneza pingili juu ya mwili wa manyoya au wa sponji unashinda kamba ya shanga, kwa sababu unabana bila kukata. Mvua za kwanza zinapoanza na kumbikumbi wakatoka, wale wanaodondoka bwawani hawafikii kulowa wote. Perege wanapanda juu. Kumbikumbi wangu ni kipande cha sponji ya kandambili kilichobanwa mara nne kwa uzi huu mweusi, na mabawa mawili ya nailoni. Anaelea vizuri, kwa kuwa kiini cha mpira hakimzamishi.

Lakini mviko wake unakunywa maji, na mguu wa uzi huu ukilowa unakuwa mzito, umenyooka, hauna uhai. Kurudi kwake kunategemea umri. Rola mpya inarudi vizuri. Iliyokaa dukani miaka miwili mbele ya kioo chenye jua, ukiivuta unasikia kiini kinakatika ndani kwa mlio mdogo, huku mviko ukibaki mzima kukudanganya. Niliwahi kuacha boksi la nzi mbele ya kioo cha gari siku nzima mwezi wa kumi. Nzi wa spandeksi walipona. Wa lastiki niliwafungua nikawakuta wamelegea wote, kama soksi za mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mafuta pia ni adui wa mpira wa asili, iwe ya injini ya boti au ya kujipaka.

Unamfaa mwenye cherehani nyumbani, au anayefunga nzi wa kuelea, au anayefunga leo ili avue kesho. Wa kuweka akiba, hapana.

Glavu za naitrili

Naitrili ni mpira wa kutengenezwa, si utomvu wa mti. Glavu zake ziko famasi, na nyeusi ziko kwa wanaopaka rangi nywele. Usichanganye na za lateksi, zile za rangi ya maziwa. Lateksi ni mpira wa asili na ina magonjwa yote niliyoyataja.

Unakata ukanda wa milimita 2 au 3 kutoka kwenye kiganja, unaufunga nyuma, unauvuta na kuuzungusha ukipandisha kila mzunguko juu ya nusu ya uliotangulia. Unapata funza mnene mwenye ngozi, au ruba mweusi ukiacha mkia mrefu. Kwa kambale wa maji ya tope huyo ruba anafaa, maana kambale anatafuta kwa sharubu na harufu zaidi ya macho, na mkia mpana wa mpira unasukuma maji. (Nikiri kwamba wanaotumia utumbo wa kuku bado wananishinda kwa idadi.)

Kurudi kwake ni kwa wastani; ukiuvuta sana unabaki umerefuka. Mafuta hayaugusi. Adui yake ni pengo: ukingo ukiwa na mkato mdogo kuliko unavyoonekana kwa jicho, ukanda unachanika hapohapo mkononi. Tumia wembe mpya na rula ya chuma, si mkasi. Rangi nazo ni chache, bluu na nyeusi, na bluu bado sijamwona mdudu wa Hombolo anayeivaa.

Inamfaa anayevua kambale, au asiye na duka la kushonea karibu lakini ana famasi.

Mkono kabla ya mpira

Nusu ya malalamiko ninayoyasikia kuhusu nyuzi hizi ni ya ufungaji. Mtu anaifunga miguu ikiwa imevutwa, anaikata ikiwa imevutwa, akiiachia inarudi na kuwa vishina. Kata ikiwa imelala. Mwingine anarundika uzi juu ya mpira ili usichomoke, kichwa cha nzi kinakuwa kama kilemba. Fanya kinyume: vuta ile ncha unayoifunga mpaka iwe nyembamba, ifunge kwa mizunguko michache iliyokazwa, kisha iachie. Mpira utajaa chini ya uzi na kujibana wenyewe.

Gundi ya supa ni nzuri kwa uzi na mbaya kwa miguu. Ikitambaa hadi kwenye mpira inaugandisha, na mguu unakatikia palepale unapotokea. Nukta moja kwa ncha ya sindano, kwenye kichwa, baada ya kumaliza.

Kwa unene, ndoana namba 12 hadi 14 zipe kamba ya milimita 0.5, namba 6 hadi 8 zinabeba 0.8 au 1. Boksi likae kivulini, mbali na dawa ya mbu.

Uchague lipi, kwa hali yako

Kama unakwenda Hombolo kiangazi, perege wako chini na maji yana rangi ya chai ya maziwa, beba funza wa spandeksi nyekundu, na wachache weusi. Huna spandeksi? Mwili wa kamba ya shanga juu ya uzi mwekundu unakaribia, ila uvute mshipi kwa vituo vifupi, kwa sababu hautatikisika wenyewe.

Kama ni Desemba na kumbikumbi wamejaa kwenye taa usiku uliopita, uzi wa lastiki na sponji. Funga watano asubuhi, usifunge hamsini.

Kama safari ni ya Mtera, nusu ya njia ya kwenda Iringa, na unalenga kambale jioni, ruba wa naitrili kwenye ndoana namba 4 au 6. Kabla ya kutupa mshipi muulize ofisa uvuvi kuhusu leseni na kama bwawa liko wazi. Yeye ndiye atakayekuambia Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakutaka karatasi gani.

Kama unafundisha mtoto kufunga, mpe kamba ya shanga na ndoana kubwa iliyokatwa ncha. Kama unafunga kwa ajili ya kuuza, au kumpelekea mtu wa mbali atakayewaweka boksini hadi mwakani, tumia spandeksi kwa miguu na kamba ya shanga kwa mwili, uzi wa lastiki uuache kwenye magauni.

Na kama mfukoni una pesa ya kitu kimoja tu wiki hii, usinunue chochote bado. Fungua kabati la nyumbani, tafuta bukta iliyokwisha, uifumue mkanda wake kwa sindano. Kama kuna mwenye nyumba wa kuulizwa kwanza, muulize kwanza.